Hai Cinema: Mtaa wa Juba na Makali ya Biti

Mswahili alisikiapo jina la Hai Cinema kwa mara ya kwanza hudhani kuwa limetajwa jambo lililo hai. Kumbe neno hilo ni la Kiarabu, lugha ambayo watu wa Juba wameifinyanga hata ikawa yao wenyewe, na maana yake ni mtaa. Hai Cinema, basi, ni Mtaa wa Sinema, mmojawapo wa mitaa ya mji mkuu wa Sudan Kusini, ulioko ukingo wa magharibi wa Naili Nyeupe.

Nchi hii ya Ikweta ina mbao za kusifika: kuna mkangazi wa msituni, kuna na msaji uliopandwa tangu enzi za Waingereza. Lakini mbao zikiwa karibu, vyuma viko mbali. Bidhaa nyingi zinazotoka bandari ya Mombasa huvuka Uganda, huingia Nimule, kisha hufuata barabara ya kilomita 192 iliyokamilishwa kutiwa lami mwaka 2012. Biti kubwa ya kekee ikiharibiwa kwa dakika moja, nyingine yabidi isafiri njia hiyo yote.

Kwa hiyo, mkazi wa Hai Cinema atakaye chombo cha maua cha mkangazi hana budi kumtafuta mkereza ajuaye kunoa. Gogo likiisha kukerezwa nje, lazima litobolewe moyo kwanza kabla ya kuchongwa ndani. Keezo hulizungusha gogo, na biti iliyoshikwa imara husogezwa polepole hata kina kilichopimwa. Kwa biti ya milimita 40 au 50, mizunguko 300 hadi 500 kwa dakika yatosha. Biti hutolewa mara kwa mara ili maranda yamwagike. Moshi ukifuka, mara nyingi kosa si la mti, bali ni la biti iliyo butu au la mkono wenye pupa.

Kila biti ina adabu yake ya kunolewa. Ile iliyosokotwa kama kamba ina midomo miwili, nayo sharti ilingane kwa urefu na kwa mwinamo. Kwa kawaida ncha yake hufanya pembe ya digrii 118. Mdomo mmoja ukizidi, tundu huwa pana kuliko biti yenyewe. Nyuma ya kila mdomo chuma hushushwa kidogo, la sivyo biti itasugua tu pasipo kukata.

Ile yenye ukingo wa duara, aliyoipatia hataza Mmarekani Benjamin Forstner mwaka 1874, hunolewa kwa tupa ndogo, upande wa ndani tu. Anayeigusa nje huipunguza upana, nayo hukwama tunduni. Katika jiwe la umeme, chuma cha kawaida kikigeuka rangi ya buluu kimekwisha poteza ugumu wake. Heri kukichovya majini mapema, kabla hakijapata moto mkali. Lakini chuma kigumu cha mashine za kasi kisitumbukizwe majini kikiwa cha moto sana, kisije kikapata nyufa.

Mwezi wa Desemba 2013, na tena Julai 2016, mapigano yalizuka Juba, na watu wengi wakayahama makazi yao. Fundi akimbiaye hawezi kujitwika keezo. Biti aweza kuzifunga katika kitambaa, lakini nazo zaweza kupotea njiani. Kisichopotea ni mkono uliojifunza kulinganisha midomo miwili ya chuma kwa tupa na subira. Mwenye mkono huo, hata akipata biti moja kuukuu iliyotupwa, aweza kuanza kazi upya, maana kinolewacho hupata.