Joto la Mtungi

Wahenga walinena kuwa palipo na wazee haliharibiki neno. Kwetu sisi tuliolelewa katika viunga vya Kakamega, methali hii yaweza kupokelewa kama ilivyo bila kutafuta fumbo lolote, kwani penye nyanya ajuaye kupika busaa, hata pombe haiharibiki. Swali lililonikera kwa muda mrefu ni hili: nyanya huyo asipokuwapo, je, neno hilo litahifadhiwa na nani?

Msomaji mpenzi, huenda wewe huitambui busaa ila kwa jina. Unga wa mahindi hukandwa kwa maji, ukaachwa siku kadhaa hadi uchachuke. Kisha hukaangwa juu ya bati pana hadi uwe na rangi ya hudhurungi na harufu tamu. Chembechembe hizo huanikwa, zikatiwa majini pamoja na kimea, yaani wimbi uliooteshwa, ukakaushwa na kusagwa. Vimeng'enya vya kimea hugeuza wanga kuwa sukari, nayo hamira huila sukari hiyo na kutoa kileo na hewa ya kaboni dioksidi. Baada ya siku chache pombe huwa tayari, ikachujwa, au ikanywewa kwa mirija mirefu kutoka katika mtungi mmoja.

Katika safari hii yote, mwamuzi mkuu ni joto. Hamira ikipata baridi husinzia, na pombe hubaki uji usio na nguvu. Joto likizidi, bakteria wa uchachu huishinda hamira, ikawa siki. Mji wa Kakamega uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Mchana jua huwaka, lakini usiku, hasa mwezi wa Julai, baridi hupenya hadi jikoni. Mtungi uliochangamka alasiri huweza kukutwa umenyamaza alfajiri.

Nyanya yangu alikuwa na dawa ya baridi hiyo. Mtungi aliuweka karibu na mafiga, akauvika blanketi, kisha akaamka mara mbili au tatu usiku kuchochea makaa. Hakuwa na kipimajoto; aliugusa mtungi kwa nyuma ya kiganja na kutega sikio. Kwa ujuzi huo aliwasomesha wanawe, miongoni mwao baba yangu, enzi ambazo mpika busaa aliishi kwa kuwakwepa askari. Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 ndiyo iliyofungua mlango wa vileo vya kienyeji kutengenezwa na kuuzwa kwa leseni. Wakati huo nyanya alikuwa amekwisha kuacha kuuza. Alipikia harusi na matanga ya jamaa pekee.

Hatimaye uzee ulibisha hodi. Kiganja kilichokuwa kipimajoto kilianza kufa ganzi, na magoti yakakataa kuamka usiku. Shangazi alipojaribu kuishika kazi hiyo msimu mmoja wa baridi, mtungi mzima uliharibika siku mbili kabla ya wageni kuwasili kwa kumbukumbu ya babu. Nyanya hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba huenda mambo haya yataondoka naye. Kauli hiyo ndiyo iliyonisukuma kutafuta sanduku.

Sanduku lenyewe ni jokofu kuukuu lisilogandisha tena, nililolinunua kwa wauza vyuma vikuukuu mjini. Kuta zake zina sifongo nene inayozuia joto lisitoroke. Ndani niliweka balbu ya kizamani ya wati 60, ile ipatayo moto, nikaifunika kwa mkebe wa bati uliotobolewa. Balbu za kisasa za kuokoa umeme hazifai, kwa kuwa joto lake ni haba. Balbu niliiunganisha na kidhibiti joto kama kile kinachotumiwa katika mashine za kuangulia vifaranga. Kihisi chake nilikifunga ubavuni mwa mtungi na kukifunika kwa kitambaa kizito, ili kipime joto la pombe wala si la hewa, kwa maana pombe inayochachuka huzalisha joto lake yenyewe. Nyuzi 28 zinapofikiwa, umeme hukatika. Zikishuka hadi 26, hurejea. Katika mpira wa mlango nilikata pengo dogo la kupitishia waya na kutolea hewa. Umeme ukipotea, kuta hizo huhifadhi joto kwa saa kadhaa.

Ajabu ni kwamba Carl von Linde, Mjerumani aliyeunda mitambo ya kupoza katika miaka ya 1870, aliwapata wateja wake wa kwanza miongoni mwa watengenezaji bia waliotaka baridi. Nasi Kakamega tumeligeuza jokofu kuwa blanketi.

Nyanya alilizunguka sanduku kimya, kisha akauliza, "Mjukuu wangu, taa hii hujua kuwa usiku umeingia?"

"Haijui, Kukhu. Inajua baridi tu."

"Basi nani atausikiliza mtungi?"

Waama, swali hilo lilikuwa zito. Sanduku hutunza joto, ila halijui pombe imeiva lini. Hilo hujulikana kwa mvumo wa mapovu unapopungua, kwa harufu, na kwa ncha ya ulimi. Hivyo basi shangazi hulala usiku kucha, na asubuhi huketi na nyanya kando ya mtungi, akifundishwa kusikiliza. Usingizi aliopewa na balbu ndio umempa nafasi ya kufunzwa.

Nami niliketi nao, daftari mkononi, nikiandika kila hatua kwa Kiswahili: kimea, hamira, uchachushaji, kihisi. Maneno tunayo tele. Aghalabu husemwa kuwa lugha yetu haijakomaa kubeba sayansi, ilhali sayansi imekuwa ikitokota katika mitungi ya nyanya zetu miaka na mikaka. Enyi wanafunzi wenzangu, nendeni nyumbani likizo hii mkiwa na kalamu. Wazee wangalipo, tusingoje neno liharibike.