Shela, Ufuo Usio na Mwamba

Nyanya yetu alizaliwa Shela, akaolewa Mombasa, na kwa miaka mingi hakurudi. Likizo ya Agosti ilipokaribia alituambia neno moja tu, kwamba anataka kuukanyaga mchanga wa kwao kabla magoti hayajamkatalia kabisa. Basi tukafunga safari, wajukuu wanne na mama zetu wawili, tukapita Garsen na Witu hadi Mokowe, kisha tukavuka kwa boti hadi Amu. (Yeye hasemi Lamu, wala hapendi sisi tuseme.)

Kutoka mjini hadi Shela ni kiasi cha kilomita 3, na njia ya ufuoni hupitika vyema maji yakiwa yamekupwa. Sisi tulikwenda kwa miguu, nyanya akapandishwa punda, akamkalia kana kwamba aliondoka jana. Tuliupita msikiti wa Ijumaa, uliojengwa 1829, wenye mnara mweupe uliochongoka. Kisha nyumba zikakoma ghafla, ukafunguka mbele yetu ufuo mtupu wa kilomita 12 hivi, na nyuma yake vilima vya mchanga vilivyofinyangwa na upepo.

Katika vilima hivyo, mnamo 1812 au karibu yake, watu wa Amu waliwashinda watu wa Pate na Mazrui wa Mombasa waliokuja kwa majahazi. Inasimuliwa kuwa waliokimbia walikuta maji yamekupwa na vyombo vyao vimekaa mchangani. Nyanya hakujishughulisha sana na vita. Alichotaka tukijue ni kwamba mchanga ule hunywa mvua na kuihifadhi chini, na kwamba visima vyake ndivyo vinavyounywesha mji wa Amu. Anayejenga juu ya vilima, alisema, anajenga juu ya mtungi wa watu.

Tuliozoea Nyali na Bamburi tulistaajabu. Kwetu mwamba hukaa mbele na kuyavunja mawimbi kabla hayajatufikia. Shela haina ngao hiyo. Msimu wa kusi wimbi huja zima kutoka bahari kuu, huinuka kijani, hujikunja, kisha huanguka kwa kishindo kinachosikika mpaka kifuani. Tulitembea karibu nusu saa tukapata mahali pasipo jicho la mtu, tukaingia na madera yetu mpaka magotini, tukacheka kama watoto. Nyanya tulimkalisha kwenye mkeka, tukamwomba atuangalizie vikapu.

Mdogo wetu wa kiume, mwenye miaka 14, alikuwa amebeba ubao mwepesi wa kutelezea mawimbini. Akachagua pahala palipotulia, katikati ya mawimbi mawili yaliyokuwa yakivunjika, pasipo na povu. Sote tuliona ni uamuzi wa busara. Muda si muda tukamwona amekuwa mdogo. Wimbi lilimpokonya ubao, akageuka kuuelekea ufuo, akapiga mikono kwa nguvu zake zote, na kila alivyopiga alizidi kwenda nje. Mama yake alianza kuingia majini. Tulimshika, naye akatupigia kelele tumwachilie.

Nyanya alikuwa ameshasimama. Hatukumwona akiinuka. Alikwenda mpaka maji yakamlowesha buibui, akavua leso yake ya juu, akaipunga kwa nguvu kuelekea upande wa Kipungani, mara kwa mara, huku akiita, “Sishindane na mai! Ogelea ubavu, uandame ufuo!” Sauti haikumfikia kijana, ila leso aliiona. Akaacha kupigana. Akageuka ubavu, akaogelea sambamba na nchi kavu, nasi tukamfuata mchangani tukikimbia, tukiomba kwa sauti bila haya. Alipofika penye povu mawimbi yenyewe yakaanza kumsukuma ndani, moja, jingine, hadi tukamshika mkono.

Alitapika maji ya chumvi, akalia. Nyanya alimfunika kwa leso iliyolowa na hakumkemea. Baadaye, pumzi zilipoturudia, alituonyesha kwa kidole: maji yote yanayoletwa na mawimbi hayana budi kurudi, na hurudi kwa mlango mwembamba, nao ni pale panapoonekana pametulia. Baba yake, aliyekuwa mvuvi, alimfunza hayo akiwa mdogo kuliko mjukuu wake. Sisi hatukuwahi kumwuliza. Tulidhani mambo yake ni mapishi na nyiradi.

Ubao hatukuuona tena. Tuliswali Alasiri pale mchangani, nyanya akiwa ameketi, kisha tukarudi polepole, punda mbele. Karibu na nyumba za kwanza akataka tusimame kisimani. Tukateka. Akamnywesha kijana kwanza, akanywa yeye, akafumba macho kidogo, akauliza kama zile tende bado zimo kikapuni au tumeziacha ufuoni.