Nyangumi, mvinyo na yule dogo wa kidato cha kwanza

Najua nimekuwa kimya, msininunie. Kazi za wahadhiri zimenibana. Ila safari ya Jumamosi iliyopita lazima niwasimulie.

Tulikuwa wanne, wote tunasomea ualimu hapa Cape Town, mimi nikiwa mgeni wa muhula mmoja kutoka Bongo. Tukachanga hela, tukakodi kigari. Usukani tukampa binti wa hukuhuku, mzaliwa wa mashamba ya zabibu. Saa kumi na mbili asubuhi tuko barabarani.

Jamani, ukishapita Gordon's Bay barabara inabanwa kati ya mlima na bahari. Kushoto jabali, kulia maji. Niliacha kuongea kabisa, na mnanijua nilivyo. Betty's Bay tukawakuta pengwini wanakimbiakimbia kama wanafunzi waliochelewa pepa. Hermanus ndio usiseme. Nyangumi huingia ghuba ile kuzaa na kunyonyesha, kuanzia Juni hadi Novemba hivi, na huhitaji boti, unakaa zako juu ya mwamba. Mmoja akainua mkia, tukapiga kelele kama watoto. Chipsi zangu zikapeperushwa na upepo, sikujali.

Mchana tukakata kuingia bara, tukapanda mlima na kushukia Franschhoek. Mimi mtoto wa Dodoma, zabibu si kitu kigeni kwangu, lakini bonde zima limepangwa mistari kama daftari! Wakimbizi Waprotestanti wa Kifaransa walianza kufika huku mwaka 1688. Katika mashamba ya Cape walifanyishwa kazi watumwa pia, wengine wakiletwa kutoka Madagaska na Msumbiji.

Basi tukaingia kuonja mvinyo. Nikazungusha glasi kama nilivyoona kwenye sinema. Dereva wetu akaagiza maji. Nikamtania, "Kwani wewe mlokole?"

Akacheka kidogo, halafu akasema babu yake alilipwa sehemu ya ujira wake kwa mvinyo. Kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Utaratibu huo waliuita "dop". Sheria ilikuja kuukataza, lakini kwenye baadhi ya mashamba uliendelea hadi miaka ya 1990. Watu walishazoea, wanawake kwa wanaume, na mama akinywa akiwa mjamzito, ubongo wa mtoto unaweza kuumia moja kwa moja. Baadhi ya maeneo ya jimbo hili yana viwango vya tatizo hilo vya juu kuliko karibu popote palipowahi kupimwa duniani.

"Mdogo wangu yuko hivyo," akasema. "Unamfundisha leo, kesho kasahau. Walimu walimwita mvivu mpaka akaacha shule."

Wadau, mvinyo ulinishinda kumeza.

Mwaka jana kwenye TP, Dodoma, nilikuwa na dogo mmoja wa kidato cha kwanza. Namfundisha kutafuta x, anaweza. Kesho yake ananitazama kama hajawahi kuniona. Siku moja nikamsimamisha nyuma ya darasa kipindi kizima, dakika 40. Wenzake wakamwita zuzu, na mimi nikacheka nao. Niliandika kwenye ripoti yangu kwamba nina udhibiti mzuri wa darasa.

Sisemi yule dogo ana tatizo kama la mdogo wake dereva wetu. Mama yake hata simjui. Nasema sikuuliza. Wiki nane, sikumuuliza hata kama amekula.

Usiku tulirudi kimya, taa za Stellenbosch zikipita dirishani. Novemba hii dogo anafanya mtihani wa taifa wa kidato cha pili. Nimeshamwandikia mwalimu wake wa hesabu kumuulizia anaendeleaje. Hajajibu bado. TP ya mwakani nitaomba shule ileile, na naombea nimkute kidato cha tatu.

Haya, ngoja nikamalizie kazi ya saikolojia ya elimu, kesho ndio mwisho wa kukusanya. Picha za nyangumi zinakuja, mkia tu ndio umeonekana.