Chungu Hakizunguki

Bibi yangu hajawahi kutumia gurudumu la mfinyanzi. Hukalisha bonge la udongo juu ya kigae, huinama, kisha huzunguka yeye. Hurudi kinyumenyume, mkono mmoja ndani ya chungu na mwingine nje, mpaka ukingo unapofunga duara. Nilipokuwa mdogo nilidhani anacheza ngoma. Mwaka 1906 Karl Weule, Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig, alikaa Newala na kuandika kuhusu kazi za mikono za watu wa huku, ufinyanzi wa wanawake ukiwemo. Wanaume walichonga mti, wanawake walifinyanga udongo. Nyumbani kwetu Chiungutwa mgawanyo huo ulidumu mpaka niliporudi na shahada ya takwimu, nikakaa mwaka mzima kungoja ajira, kisha nikaanza kukereza mabakuli ya mti.

Kukereza ni neno la zamani. Mafundi wa Lamu na Unguja walikereza miguu ya vitanda kabla umeme haujafika. Mashine ya mjomba lakini haina uzuri wowote: mota ya kinu kilichokufa, mkanda, na vyuma vya kuokota vilivyochomelewa. Mama hakupenda niende huko. Ila kwetu ukoo unafuata upande wa mama, na mjomba akishasema, limesemwa.

Unalifunga gogo kwa skrubu kwenye sahani ya chuma, unasimama kando, unawasha. Gogo la mwembe ambalo halijawa duara linatikisa meza mpaka tumboni unahisi. Unaegemeza patasi kwenye chuma cha mbele, na hapa ndipo kazi yote ilipo: mgongo wa patasi uguse mti kwanza, ndipo uinue mkono kidogo kidogo mpaka makali yaanze kula. Makali yakitangulia, mti unayakamata na kuyavuta. Hakuna maelezo yanayotosha. Unasikiliza. Patasi inapokata vizuri sauti ni kama kitambaa kinachopasuliwa taratibu, na maganda yanatoka marefu, mabichi, yanakuangukia kifuani. Ikitoka vumbi, nenda kanoe.

Mpingo sijaruhusiwa kuugusa. Ni mzito kiasi kwamba ukiutupa majini unazama, na huchukua zaidi ya miaka 70 kufikia unene wa kuvunwa. Mjomba huuchonga kwa tezo na patasi za mkono tu. Nilipomwambia kwamba mpingo wa kusini hukerezwa Ulaya kuwa klarineti, alisema, "Basi wao wana mashine isiyotikisika."

Bibi ana presha ya macho. Daktari alisema matone yatalinda kilichobaki, kilichopotea hakirudi. Kilichobaki ni vivuli. Misimu miwili ya mvua imepita bila yeye kuteremka bondeni kuchimba udongo. Mama anauza mabeseni ya plastiki, na Bibi alikuwa ameniomba mara mbili nijifunze kufinyanga kabla hajashindwa kabisa. Nilimjibu kwamba chungu hakilipi. Bakuli la mti nalo halilipi bado, na yeye analijua hilo.

Kwa hiyo niliogopa kumpelekea bakuli la kwanza. Alilipokea bila neno, akaingiza kidole gumba ndani, vidole vingine nje, akaanza kulizungusha mapajani.

"Kuta zinalingana," alisema. "Lakini bichi hili."

Nikamweleza kwamba mti mbichi hukerezwa mnene kwanza, unene kama sehemu moja ya kumi ya upana, unaachwa miezi kadhaa ukauke, ndipo unakerezwa tena. Ukiukamilisha siku hiyohiyo utajikunja.

"Liweke mbali na upepo," alisema, kama vile nilikuwa nimemwambia kuhusu chungu kinachosubiri moto. Kisha akauliza, "Nani alizunguka?"

"Mti, Bibi. Mimi nilisimama."

Alicheka mpaka akakohoa. "Uvivu wa wasomi, mke mwenzangu."

Sasa bakuli liko chini ya kitanda chake, limefungwa kwenye mfuko wa karatasi uliojaa maganda yake lenyewe. Kila baada ya siku chache hulitoa na kupitisha kidole ukingoni. Mti unaponywea hupungua zaidi kwa kukatisha nyuzi kuliko kwa kuzifuata, na yeye aliigundua hiyo kwa kidole kabla sijamwambia. "Limeanza kuwa yai," alisema jana. Mjomba anasema tutalikereza tena kabla ya msimu wa korosho, umeme ukituhurumia.

Jana hiyohiyo aliniambia Jumamosi tuteremke bondeni, nimshike mkono, anionyeshe udongo mzuri unapochimbwa. Sijamjibu.