Mabati ya Kawéni

Jumamosi ile, Desemba 14, 2024, nilikuwa kwetu Mombasa. Watu wa bara walikuwa wamejaa ufuoni tangu Jamhuri, na upepo ulikuwa mzuri tu. Jirani yetu, mama ambaye mtaa mzima humwita Mngazija japo kwao ni Nzwani, alinigongea mlango na simu mkononi. "Mwanangu, wewe ndiwe wajua mambo ya simu. Huyu hashiki."

Huyu ni mtoto wa dadake, anaishi Mayotte. Nilipiga. Mwanamke wa simu akanijibu kwa Kifaransa. Nikapiga na kupiga hadi magharibi, kana kwamba shida ni salio.

Kimbunga Chido kilikuwa kimepita asubuhi hiyo, upepo zaidi ya kilomita 220 kwa saa. Kawéni, mlimani juu ya Mamoudzou alikokuwa akiishi, mabanda ya mabati yalifagiliwa, ukabaki udongo mwekundu.

Na mimi, na kusoma kwangu kote, nikauliza: si Mayotte ni Ufaransa? Si walionywa? Mbona hakwenda kulala shuleni kama walivyoambiwa?

Mama akanitazama kama mtoto aliyemwaga uji. "Hana makaratasi. Wanaomwita ndio wale wale wanaomkimbiza kila siku. Ataendaje?"

Kutoka Nzwani hadi Mayotte ni kama kilomita 70. Visiwa vingine vitatu vilichukua uhuru 1975, Mayotte ikabaki na Ufaransa, na tangu 1995 mtu wa Nzwani anahitaji viza kwenda kumsalimia shangazi yake. Wengi huvuka kwa vimashua wanavyoviita kwassa-kwassa. Wengine hawafiki. Serikali ilitoa hesabu ya waliokufa, kama watu 40, na mama hakuiamini hata siku moja. Waislamu huzika upesi. Aliyezikwa kabla ya jua kuzama na jina lake haliko kwenye karatasi yoyote, nani atamhesabu?

Huku kwetu ilikuwa habari ya dakika mbili, baada ya msongamano wa magari ya Krismasi. Kesho yake Chido ikatua Mecúfi, Msumbiji. Hiyo, nakiri, hata hizo dakika mbili sikuiona. Nilikuwa kwa simu nikiangalia picha za watu Diani.

Siku ya tisa kijana akapiga kwa simu ya kuazima. Mama alilia, kisha akamgombeza robo saa nzima kwa kutopiga mapema, mpaka salio la watu likaisha.

Januari tulichanga kidogo mtaani, tukamtumia kupitia rafiki yake mwenye kitambulisho, anunue mabati. Hakununua. Serikali ilikuwa imeweka sharti: dukani uonyeshe kitambulisho na uthibitisho wa unakoishi, ndio uuziwe. Pesa akanunua mchele na maji. Mabati akaenda kuyaokota bondeni, yale yale yaliyomkata mguu, akawa anayanyoosha kwa jiwe.