Jibini ya Tijuana ilivyonitoa jasho

Msomaji wangu, TB ya kuambukizwa na mtu anayekukoholea ndani ya daladala unaijua. Je, TB ya kula unaijua? Mimi nimeijulia huku San Diego, mjini kabisa, karibu na mpaka wa Meksiko.

Mshikaji ninayeishi naye ni Mmeksiko, mama yake yuko Tijuana. Kila Jumapili jamaa alikuwa anavuka, na jioni anarudi na jibini nyeupe laini, wenyewe wanaiita queso fresco, ya maziwa mabichi. Bwana wee, tulikuwa tunaifagia!

Mwaka jana akaota uvimbe shingoni. Akasema jino. Jino gani la miezi miwili? Akakonda, usiku jasho mpaka shuka zinakamulika, na kazini minong'ono ikaanza, si unajua watu. Hospitali wakakata kinyama, wakakipima. TB ya tezi, tena ya ng'ombe, Mycobacterium bovis.

Mdudu huyo ni mkaidi wa kuzaliwa. TB ya kawaida hupigwa kwa dawa nne, lakini moja wapo, pirazinamidi, huyu haimgusi kabisa. Ndiyo maana dozi yake si miezi sita bali tisa. Na hiyo bado ni nafuu. Iko ile TB sugu hasa, inayodharau isoniazidi na rifampisini kwa pamoja. Zamani ilikula hata miaka miwili, na sindano zake ziliweza kukuacha kiziwi. Mwaka 2022 ndipo WHO ilipopendekeza mseto wa miezi sita. Usugu wa namna hiyo huzaliwa dozi inapokatika ovyo, na mpaka unajua kukata dozi: leo kazi California, kesho msiba Tijuana.

Mwenzangu aliogopa makaratasi ya uhamiaji kuliko ugonjwa. Wiki mbili nzima anaipita kliniki kama haioni! Kumbe nesi hakuuliza hata pasi. Mwezi wa tano mama akaugua, ikabidi jamaa avuke. Nesi akapitisha habari zake kwa mpango uitwao CureTB, upande wa pili akakuta vidonge vinamsubiri.

Na mimi je, niliyekula jibini ile ile? Nilipimwa damu, maana kile kipimo cha kuchoma mkononi kinaweza kutudanganya sisi wenye kovu la BCG. Siku tatu sikulala. Nikamkumbuka bibi yangu, alivyokuwa anayaacha maziwa yapande na kushuka huku sisi watoto tunalia njaa. Majibu: sina.

Mama wa Tijuana kanuna. Siku hizi anatengenezea maziwa ya paketi, anadai jibini haina ladha.

Jamaa yuko mwezi wa nane. Kila asubuhi anasimama mbele ya simu, anameza, anapanua mdomo kuonyesha, anamtumia nesi video. Nimemwambia angalau achane nywele kwanza.