Toka London hata Nairobi: Kilometa na Saa

Katika nyumba nyingi siku hizi yuko mwana aliyekwenda Ulaya kusoma au kufanya kazi. Siku moja wazazi hupata habari kwamba yuko njiani, na maswali huanza: Ni mbali namna gani? Atafika saa ngapi? Twapenda kuyaeleza mambo hayo, maana wengine wamekesha bure uwanjani, na wengine wamechelewa hata mgeni wao akasimama peke yake na mizigo.

Tukipima njia iliyo fupi kupita zote, toka London hata Nairobi ni kilometa zipatazo 6,800. Umbali huo ni ule ule tangu zamani. Saa ndizo zilizopungua. Tarehe 28 Februari 1931 kampuni ya Imperial Airways ilianza kupeleka barua toka London hata Mwanza. Zilipita Misri zikafika Khartoum, kisha zikachukuliwa na ndege za kutua majini hata ziwa Victoria. Ndege zile zilishuka mara nyingi kutia mafuta na kulala, na safari ilipita juma zima. Leo ndege yaruka moja kwa moja kwa saa nane na nusu au tisa.

Lakini liwakosealo watu hasa ni saa za miji. Jua hufika kwetu kwanza. Kwa hiyo saa ya Nairobi huitangulia ile ya London kwa saa tatu wakati wa baridi yao, na kwa saa mbili wakati wa kiangazi chao. Nayo tikiti huandika saa ya kila mji. Mwana akiondoka London saa nne usiku mwezi wa Januari, akaruka saa nane na nusu, huko alikotoka ni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, bali Nairobi ni saa tatu na nusu. Tena tikiti huhesabu toka usiku wa manane, si toka macheo kama tuhesabuvyo sisi: 09:30 ni saa tatu na nusu asubuhi.

Basi mwulizeni saa na tarehe ya kufika Nairobi, kwa kuwa aondokaye Jumatatu usiku hufika Jumanne. Ongezeni muda wa kuonyesha hati na kupokea mizigo.

Hesabu hii si jambo dogo mwana akiitwa kuja kumzika mzazi. Mwaka 1931 asingalifika kamwe. Leo, akipata habari Jumatatu asubuhi na nafasi katika ndege ya usiku, Jumanne jioni aweza kuwa Kisumu kati ya jamaa zake. Wazee wapangao siku ya maziko na wahesabu kwanza, wasije wakafukia kaburi naye mwana yungali angani.